Naombeni ushauri: Lincoln Town Car ya 2009 au Cadillac DTS ya 2008 kwa ajili ya kumbeba mama mzee

Mzaramo_Ohio

Wakuu habari za majukumu, wakubwa zangu shikamooni. Niko Columbus, Ohio, huu mwaka wa saba, naendesha Corolla na sina ugomvi nayo hata kidogo, inakula kidogo na inawaka kila asubuhi. Ila tangu mwezi wa tatu bi mkubwa yuko huku na mimi, ana miaka 74, nyonga ya kushoto ilishafanyiwa operesheni nyumbani, na kumuingiza kwenye Corolla ni mtihani. Ananishika bega, anainama, kichwa kinagonga juu ya mlango, akishakaa magoti yanagusa siti ya mbele. Juzi kati tulienda Louisville kwa kaka yangu, maili kama 210 kwenda tu, tukasimama mara nne anyooshe mguu na usiku ule alilala kwa vidonge. Iliniuma sana.

Sasa kuna jirani yangu mzee mmoja wa Kimarekani alitupa lifti kwenda kliniki kwenye Town Car yake. Aisee. Mama alikaa nyuma akanyoosha mguu wote, tumefika anauliza "tushafika? mbona sijasikia barabara". Tangu siku hiyo silali, naperuzi matangazo ya haya magari makubwa ya Kimarekani usiku kucha. SUV ya rafiki tulijaribu, ile ni ya kupanda kama ngazi, kwa nyonga ile hapana.

Nimepata mbili hapa hapa mjini. Town Car Signature Limited ya 2009, maili 118,000, wanataka dola 6,200. Na Cadillac DTS ya 2008, maili 92,000, dola 5,500. Zote V8, zote zinang'aa kwa nje. Hofu yangu ni mafuta, spea, theluji, na pale ninapopaki kwenye apatimenti ni pembamba. Waliowahi kumiliki au kuzitengeneza naombeni mniambie ukweli wote hata kama ni mchungu.

Dereva_Mstaafu

Marahaba mdogo wangu, na mpe mama salamu zangu. Mimi nimeendesha Town Car miaka tisa New Jersey nikipeleka abiria eapoti, nyingi ya hiyo miaka kwenye ile yenye herufi L ambayo imeongezwa inchi 6 katikati na karibu zote zinamnufaisha abiria wa nyuma. Kwa hiyo naongea kitu nimekalia.

Kwanza elewa ile gari imejengwaje maana ndo siri yake yote. Ina chasisi ya chini kama pikapu halafu bodi imekalishwa juu yake na mipira katikati. Magari mengi ya leo bodi na chasisi ni kitu kimoja, shimo likigonga tairi unalisikia mpaka kwenye meno. Town Car ikipita shimo unasikia kitu kama mtu kafunga mlango chumba cha pili basi. Ndo maana mama yako hakusikia barabara. Ni ndugu moja na Crown Victoria waliyokuwa wanatumia polisi na teksi, chini ni kitu kile kile, kwa hiyo spea zimejaa mpaka leo na kila fundi anaijua.

Buti lake ni futi za ujazo 21, na lina shimo refu chini, nimeshapakia familia ya watu watano na masanduku yao yote likafunga. Na mbele ile ina siti ya benchi, gia iko kwenye usukani, wanakaa watu sita kihalali kila mtu na mkanda wake.

Mafuta usidanganywe. Mjini ni maili 16 kwa galoni, barabara kuu 24, na hiyo 24 utaipata kama una mguu mwepesi. Ila tanki ni galoni 19, Louisville kwenda na kurudi unaweza ukamaliza bila kuongeza hata tone. Kinachoua ni foleni za mjini na kuiacha inanguruma umepaki.

Mama akiingia mfundishe hivi, abiria wangu wazee wote niliwafundisha. Fungua mlango mpaka mwisho, ageuke mgongo kwa gari, ashike juu ya mlango si wewe, akae kwanza miguu ikiwa nje, halafu ndo azungushe miguu yote miwili kwa pamoja. Kwenye gari ndogo haiwezekani maana mlango hautoshi. Kwenye Lincoln hata fimbo inaingia nae.

FundiKipara_DFW

Mkuu hapo juu kasema kweli. Mimi ni fundi Dallas miaka 14, nitakueleza za chini ya boneti.

Hizo gari mbili watu wanaziweka kundi moja kwa sababu zote kubwa zote V8 zote lita 4.6, ila ni watu wawili tofauti kabisa. Lincoln injini imekaa kwa urefu, inasukuma tairi za nyuma, kamshafti moja kila upande, gia nne tu, teknolojia ya zamani. Cadillac injini inaitwa Northstar, imelazwa kwa upande, inavuta tairi za mbele, valvu 32, nguvu zaidi ya Lincoln, hosipawa 275 kwa 239. Ukikanyaga Cadillac inaruka. Lincoln inajivuta taratibu.

Sasa Northstar ugonjwa wake unajulikana dunia nzima. Bloku ni ya aluminiamu na boliti za silinda hedi zimeshika kwenye nyuzi za hiyo hiyo aluminiamu. Miaka inaenda, injini inapata moto inapoa, kulanti (maji ya kupoza injini) haibadilishwi, nyuzi zinalegea, boliti zinavutika, hedi gasketi (kiziba kati ya bloku na hedi) inaachia na maji yanaanza kupotea. Kulitengeneza vizuri inabidi utoboe upya na kuweka nyuzi za chuma, na kwenye gari ya dola 5,500 hesabu yake haikubali. Ila tuwe wakweli, GM, wenye Cadillac, walibadilisha zile boliti kuanzia 2000 na baadae tena, ya 2008 ni afadhali mara nyingi kuliko za miaka ya 90. Usiikatae kwa jina tu, ipime.

Kuipima hivi. Nenda asubuhi ikiwa ya baridi haijawashwa, bonyeza paipu kubwa ya juu ya redieta. Ikiwa ngumu kama imejazwa upepo wakati injini imelala usiku mzima, ondoka. Ikiwa laini, washa, iendeshe nusu saa barabara kuu na macho kwenye geji ya joto. Halafu kaazime kwenye duka la spea kile kipimo chenye maji ya bluu, unakiweka kwenye mdomo wa tanki la kulanti, maji yakigeuka njano maana yake moshi wa injini umeingia kwenye maji. Hapo hata ukipewa kwa dola elfu moja acha.

Na ujue pia stata ya Northstar iko wapi. Imefichwa katikati ya injini chini ya inteki manifoldi, ile sehemu ya juu inayogawa hewa kwenye silinda. Stata ikifa unafungua nusu ya juu ya injini kuifikia. Ya Lincoln naitoa kwa chini.

Town Car nayo ina yake. Zile za 1996 mpaka 2001 zilikuwa na inteki ya plastiki inapasuka pale maji yanapopita, ya 2009 sehemu ile ni aluminiamu kwa hiyo hilo halikuhusu. Lako wewe ni vitu viwili. Nyuma haina springi za chuma, ina mabegi ya upepo na kompresa. Raba ikizeeka inapasuka na gari linakaa kitako. Pima kwa tepu kutoka ardhini mpaka ukingo wa bodi juu ya tairi ya nyuma jioni, pima tena asubuhi. Na kabla hujaipiga jeki kuna swichi ndani ya buti ya kuzima huo upepo, izime kwanza, watu wengi hawajui hili.

Cha pili ni KUTU, naandika kwa herufi kubwa maana uko Ohio. Chumvi ya barabarani inakula chasisi kutoka ndani. Lala chini na tochi na bisibisi, angalia chasisi nyuma ya tairi za mbele na pale inapopanda juu ya ekseli ya nyuma, gonga. Ikilia "tang" poa. Ikilia "tuf" na vumbi jekundu likidondoka, muage muuzaji. Angalia na paipu za breki. Injini hizi zinafika maili laki tatu bila kufunguliwa, chasisi ndo haifiki.

MamaNeema_MN

Hamjambo nyote. Kaka pole kwa mama. Mimi niko Minnesota na wanaume hapa wameongea juu ya injini tu, wacha niongee juu ya January.

Town Car inasukuma nyuma na uzito wake mwingi uko mbele. Nyuma mwepesi. Barafu ikishika, pale kwa mlima mdogo wa kutoka parking tairi zinazunguka tu na gari inaenda kando badala ya mbele. Mume wangu alikuwa na moja, kila November tulikuwa tunaweka mifuko miwili ya mchanga kwa buti na tairi za winter zote nne, si mbili, nne. Ukifanya hivyo inaenda. Usipofanya utalia.

Lakini kitu kikubwa ambacho hakuna mtu ametaja, Town Car hadi ile ya mwisho kabisa ya 2011 haikuwahi kupata mfumo wa kuizuia isiserereke, ule unaoshika breki tairi moja moja yenyewe gari ikianza kuteleza. Serikali ya Marekani iliulazimisha kwa magari yote mapya kufikia September 2011 na hiyo ni moja ya sababu hii gari ilifia hapo. Cadillac walikuwa nao muda mrefu, wanauita StabiliTrak, uliza kama hiyo DTS iko nao. Town Car pia haina eyabegi za pazia za kushuka pembeni kwa dirisha. Mama atakuwa anakaa hapo nyuma kando ya dirisha. Mimi siwezi kukuambia usinunue, tuliipenda sana ile gari, lakini ningekuwa naficha kama singesema.

Chuma_cha_Juzi

Mama Neema hapo umegusa kitu muhimu asante.

Nami naongezea kidogo kwa nini haya magari yalikuwa vile na kwa nini hayapo tena, maana nayapenda toka moyoni. Petroli ilikuwa bei ya kutupa, barabara zao ndefu zimenyooka, hasa kuanzia 1956 walipoanza kujenga zile barabara kuu za kuunganisha majimbo. Gari ya kona ya nini wakati unanyoosha masaa sita? Wakajenga sebule inayotembea. Ilifika mahali Cadillac Eldorado ya mwanzoni mwa miaka ya 70 ina injini ya lita 8.2, na Lincoln ya 1978 urefu wake unakaribia mita 6. Halafu 1973 Waarabu wakafunga mafuta, 1977 GM wakayapunguza, na tangu hapo yamekuwa yakipungua mpaka yakaisha. Town Car na DTS zote mwisho 2011. Lincoln wakairudisha Continental 2017, ikafa 2020, Cadillac CT6 nayo ikaondoka Marekani 2020 hiyo hiyo, Chrysler 300 mwisho 2023. Watu wanataka SUV.

Mimi namiliki Chrysler 300 ya 2014 V6 yenye kuvuta tairi zote nne na gia nane. Kwa theluji inapita bila kelele, mafuta ni afadhali, ndani pana. Tatizo kwa mama yako, madirisha ni membamba na paa limeshuka, nyuma atajiona yuko kwenye pango, na kichwa kitagonga vile vile kama Corolla. Nasema ukweli japo ni yangu na naipenda.

Hesabu_Kwanza

Samahanini wakuu mimi naona mnampeleka mtu kwenye shida. Chukua hesabu. Tuseme anatembea maili 12,000 kwa mwaka. Town Car kwa wastani wa 19 ni galoni 630. Corolla kwa 30 ni galoni 400. Galoni 230 zaidi kwa dola 3.20 ni kama dola 740 kwa mwaka, hapo sijagusa tairi wala breki wala hiyo mifuko ya upepo. Na gari lina urefu mita 5.47 yeye kasema parking ni pembamba.

Toyota Avalon. Za 2005 mpaka 2012 nyuma kuna nafasi kubwa, sakafu karibu imenyooka, siti ya nyuma inalala kidogo, V6 yake barabara kuu inafika maili 28. Ina heshima, haina kelele. Sioni ugumu uko wapi.

Mzaramo_Ohio

Kaka Hesabu nashukuru sana na hesabu yako nimeiandika kwenye daftari. Corolla siiuzi, itabaki ya kazini, hii kubwa ni ya kliniki, kanisani na safari, labda maili 4,000 kwa mwaka, kwa hiyo hiyo tofauti inashuka sana. Avalon nilimpeleka mama akakae kwenye yadi moja hapa. Miguu ilitosha kweli. Ila kuingia bado aliinama na akasema siti ni ngumu. Nikamuuliza mama ile ya jirani ilikuwaje, akasema "ile ilikuwa kama kochi la marehemu baba yako". Hapo sikuwa na la kujibu.

Halafu swali la pembeni, rafiki yangu Mkenya ananiambia nikimaliza nayo niipeleke Mombasa atanunua. Inawezekana?

Dereva_Mstaafu

Mwambie rafiki yako asahau. Usukani uko kushoto, Kenya hawasajili gari binafsi la usukani wa kushoto, na tena umri wake umeshapita ile miaka 8 wanayoruhusu. Congo wanaendesha kulia, huko usukani si tatizo, ila nani atakuuzia mabegi ya upepo Lubumbashi. Itumie huko huko mpaka ichoke.

Mzaramo_Ohio

Wakuu nimerudi na majibu. Jumamosi nimezunguka nazo zote mbili na tochi, bisibisi na tepu kama fundi alivyoelekeza.

DTS: paipu asubuhi ilikuwa laini, nikafurahi. Nikaiendesha nusu saa, geji katikati haikucheza. Ina StabiliTrak. Nikaomba kuweka kile kipimo cha maji ya bluu, muuzaji akakataa katakata, akaanza kuniuliza mimi ni fundi au mnunuzi. Nikamrudishia ufunguo kwa heshima nikaondoka.

Town Car: ndani kama mpya, injini haisikiki, mpaka nikaangalia kama imezimika. Urefu wa nyuma jioni na asubuhi ni ule ule. Halafu nikalala chini. Upande wa dereva chasisi inalia tang tang. Upande wa abiria, pale inapopanda juu ya ekseli, bisibisi imeingia. Imeingia kabisa mkuu, kama nachoma mhogo uliochemka, na juu yake wamepaka rangi nyeusi mpya inayonukia. Nilikaa chini pale dakika nzima nikiwaza mama angekuwa nyuma upande ule ule.

Nimeziacha zote. Sasa mdogo wangu yuko Atlanta kanitumia picha, Town Car ya 2010, modeli yenye L, ilikuwa ya kampuni ya kubeba watu wa misiba, maili 141,000, haijawahi kuona chumvi, dola 6,800. Kalala chini kapiga picha za chasisi, ni kavu. Ila anasema nyuma walishatoa mabegi ya upepo wakaweka springi za kawaida. Fundi, hilo ni baya? Ule ulaini si ndo umeondoka hapo?

FundiKipara_DFW

Si baya mkuu, wengi wanafanya hivyo na shida ya upepo inakuwa imeisha moja kwa moja. Unapoteza kitu kimoja, ukiwa umejaza watu na mizigo nyuma itashuka kidogo maana kompresa ndo ilikuwa inainyanyua yenyewe. Ulaini mwingi unatoka kwenye chasisi na uzito wa gari, huo bado upo. Mwambie mdogo wako aangalie kama shokapu za nyuma walibadilisha siku hiyo hiyo au waliacha za zamani. Akae nyuma, mtu mwingine aendeshe, wapite matuta mawili matatu. Ikidunda zaidi ya mara moja baada ya tuta ni shokapu, kazi ya saa moja tu hiyo. Na maili za kubeba wafiwa ni nzuri, wale wanaendesha polepole.

Ukiileta Ohio ioshe chini yote kwa maji kila wiki wakati wa chumvi, na kabla ya November ipulize ile dawa ya mafuta ya kuzuia kutu ndani ya chasisi kupitia yale matundu.

MamaNeema_MN

Na tairi nne za winter kaka. Nne.

Mzaramo_Ohio

Nimeshaziulizia bei dada yangu. Natoka Ijumaa usiku na basi kwenda Atlanta, mama kasema anakuja na mimi, anataka kurudi nayo.